Tafsiri kwa Sajini Mghanga

Karatasi yenyewe ilinikera kabla sijafika kwenye kosa.
Aliyeipiga chapa hakujua mshororo unakatiwa wapi,
ameyaunganisha maneno ya Nyaribo kama mabehewa
yaliyosahauliwa stesheni ya Nakuru, nyasi zikiota kati ya magurudumu.
Mimi hupiga chapa hati za viapo nyuma ya mahakama,
ukurasa shilingi thelathini. Najua thamani ya nafasi tupu.

"Wewe ni dadake," sajini alisema. "Tufungulie."
Kiswahili chake cha Wundanyi kilikuwa kimepigwa pasi.
Kalamu nyekundu ilikuwa imelizungushia neno moja mara tatu:

"Ua limenilea, ua likanifunza kuua."

Afande, nikamwambia, hilo ni pareto.
Mama alikipa kiwanda miaka kumi na minane,
akirudi jioni na vumbi la maua kwenye nyusi,
akiikung'uta leso mlangoni kabla ya kutubeba.
Kaptembwo nzima ililala ikijipiga makofi;
kwetu mbu walikufa bila kesi kufunguliwa.
Ua ni lile. Kuua ni huko. Maiti
ni mende.
Aliandika: MENDE. Kwa herufi kubwa.

"Kinywa changu dhahabu, na sonara hanidai."

"Kuna duka la sonara lilivunjwa mwezi wa tatu," akasema.
Nikafungua kinywa. Sikuwa na njia nyingine ya kueleza.
Haya, tazama: rangi ya chai iliyolala kikombeni.
Maji ya kisima tuliyoyanywa tukiwa wadogo kule Rhonda
yalitupaka meno kabla hatujajua kusoma.
Picha zote za shule tumefumba midomo.
Nyaribo alikuwa wa kwanza mtaani kuiita dhahabu,
na siku hiyo hiyo akaanza kucheka barabarani.
Sajini aliyatazama meno yangu
kuliko adabu inavyoruhusu,
kisha akaitazama kalamu.

"Warembo wa waridi wamehama bila notisi,
ziwa limefika mlangoni lenyewe kudai kodi."

Hapa aliinua mkono kama mwanafunzi.
"Heroe!" akasema. "Maji yalipopanda, wale ndege wakaondoka."
Ndiyo, afande. Ndiyo hasa.
Uso wake uling'aa hadi nikamwonea huruma:
ni vigumu kumchukia mtu aliyetoka kufumbua fumbo.
Akavuta kiti. Akaniagizia chai.
Akasema kwao bibi yake alikuwa mjuzi wa vitendawili,
na kwamba wengi hapa kituoni husoma kwa macho tu.

Kisha kidole chake kikashuka hadi chini ya ukurasa.

"Kikombe kikilala kifudifudi, mtoto wa mama anarudi."

"Na huu?"

Redio ya upepo ilikoroma mezani.
Nilikunywa chai. Ilikuwa moto, nikaimeza hivyo hivyo.
"Vina tu, afande. Fudi, rudi.
Kila msanii ana mshororo mmoja wa kujazia,
kama pamba kwenye chupa ya vidonge."

Alicheka. Aliandika: hauna maana.
Akanisindikiza mpaka getini.

Ilikuwa siku ya tisa. Mama alikuwa ameketi bila taa,
sahani ya tatu imefunikwa, mchicha umeshapoa.
Juu ya ukuta, upande wa barabara,
kikombe cha bati kilichobanduka rangi ukingoni
kilisimama wima, kimejaa mvua iliyotoka Menengai.
"Wamekuachilia," akasema. "Basi nikakilaze?"

Nilichungulia kwa pazia.
Gari jeupe kwenye kona, taa zimezimwa,
kioo kimeshushwa nusu,
na ndani yake, kwa sauti ya chini, ndugu yangu:
mshororo mmoja, kimya,
mtu akirudisha nyuma,
mshororo ule ule.

"Kiache kisimame, mama."